Mjadala: Mfumo ubebe vyeti vyake au uamini vya Java?

FundiJava: Wakuu, tunajenga mfumo wa malipo. Mimi nataka ubebe hifadhi yake ya vyeti vya kidijitali (vile vya kuthibitisha kuwa seva ni yenyewe), uamini mamlaka mbili tu za kuvitoa. Bosi anataka tutumie cacerts, hifadhi inayokuja na Java, na lundo lake lote la mamlaka. Nani yuko sahihi?

Mkwaju: Wewe. Mmesahau DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi? 2012 nadhani. Ilivamiwa, vikatoka vyeti feki vya Google, watu wa Iran wakachunguliwa barua pepe. Na vivinjari vyote vilikuwa vinaiamini!

BiMtandao: 2011, mkuu. Huo mkoba wako wa vyeti viwili utausasisha nani? Sisi mfumo wa PHP ulibeba faili lake, ndani mna cheti kimoja tu cha mamlaka, DST Root CA X3. 30 Septemba 2021 cheti kikaisha muda, malipo kimya. Aliyeliweka kaacha kazi kitambo. Nililala chini ya meza. Halafu nikuulize, paswedi ya hifadhi yako bado ni changeit, ile ya kawaida ya Java?

FundiJava: Ndiyo. Mle mna vyeti vya umma tu, siri iko wapi?

BiMtandao: Jina lenyewe linakwambia badilisha! Kiingereza cha darasa la tatu hicho.

FundiJava: Dada, shule yangu imeingiaje hapa?

Mkwaju: Paswedi inazuia mtu asipachike cheti chake humo.

FundiJava: Anayeweza kuandika faili hilo anaisoma na paswedi, imekaa kwenye konfigi pembeni. Waliotengeneza Java wenyewe wameiondoa kwenye cacerts, toleo la 18 kama sikosei.

BiMtandao: Kwa hiyo nyumbani hufungi mlango kwa kuwa dirisha ni la kioo?

Kobe77: Mnagombania paswedi. Mimi nimekuta checkServerTrusted, sehemu ya programu inayotakiwa kukagua cheti cha seva, iko tupu kabisa, ndani kuna maoni tu: "nitarudi". Inapokea cheti chochote duniani. Miaka minne iko hewani.

Mkwaju: Nani aliiandika?

Kobe77: Tuendelee na paswedi.

FundiJava: Haya, ili dada alale, nimebadilisha paswedi kwa amri ya Java, keytool -storepasswd. Mfumo umegoma kuwaka. Ile ya zamani imeandikwa kwenye skripti tatu.

BiMtandao: Tatu ulizoziona.