Mafundi wa kusafisha makochi, ngozi si zulia! Mmeharibu makochi ya mama yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama ana seti ya makochi ya ngozi halisi ya ng'ombe, rangi ya kahawia. Marehemu baba aliyanunua mwaka 2009 kwa kiinua mgongo chake. Miaka yote hiyo mama aliyafuta kila Jumamosi kwa kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri, akapitisha kingine kikavu, basi. Yalipauka kidogo upande wa dirishani, lakini ukikaa unaona ulaini wake.

Kabla ya Idi nikataka kumfurahisha, nikaita kampuni ya usafi hapa Tanga kwa shilingi 120,000. Wakaja vijana wawili. Niliwauliza mara mbili kama ngozi wanaijua. "Bosi, hii ni kazi yetu ya kila siku." Nikaenda zangu benki.

Narudi nakuta ndoo ina povu la sabuni ya unga iliyotiwa jiki, na brashi ngumu ile ya kusugulia mazulia. Maji wamemwaga mpaka sponji za ndani zimelowa chepechepe. Halafu wakayatoa uani, jua la saa saba mchana, eti yakauke haraka!

Wiki mbili baadaye kochi alilokuwa akikalia baba limekakamaa kama gome la mti. Pa kuwekea mikono rangi imetoka, kwenye kikalio mipasuko imeanza, na mito inanuka uvundo. Nikawapigia. Wakasema ngozi ilikuwa ya zamani, tupake dawa ya viatu. Dawa ya viatu! Mtu akae pale na kanzu nyeupe ainuke vipi?

Niwaeleze, maana inaelekea hamjaambiwa. Ngozi ya kochi ina asili ya tindikali kidogo, na kiwandani hutiwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze, ndipo inapata ule ulaini. Sabuni ya unga ni kali upande wa pili, inayang'oa mafuta hayo. Jiki inakula rangi. Kisha mnaianika juani, unyevu unatoka kwa kasi, nyuzi zinashikana. Wapiga ngoma wanaanika ngozi juani makusudi ili ijikaze ilie vizuri. Kochi nani kawaambia linatakiwa kulia?

Kazi yenyewe wala si ngumu. Unaanza na vumbi, hasa kwenye mishono, kwa sababu mchanga ndio unaokwaruza. Kama kuna uchafu, tone la sabuni laini kwenye maji, kitambaa kikamuliwe, na ujaribu kwanza nyuma ya kochi pasipoonekana. Soda ikimwagika, bonyeza kwa kitambaa kikavu papo hapo, usisugue. Kukausha ni kivulini, feni inatosha. Halafu losheni maalumu ya ngozi, mara mbili tatu kwa mwaka. Mafuta ya kupikia yanachacha na kushika vumbi, msiyaguse.

Na sisi wa pwani tuna ukungu wa masika: vuta kochi litengane na ukuta, fungua madirisha hewa ipite. Mama alikuwa anafanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

(Makochi ya ngozi bandia, yale ya "leza", ni habari nyingine. Yale ni plastiki juu ya kitambaa, yakianza kubanduka hakuna losheni itakayoyarudisha. Wauzaji wanaowaambia watu ni ngozi halisi nao wanastahili mada yao peke yao.)

Nimedai fedha yangu na gharama ya matengenezo. Sasa hawapokei simu. Ningekuwa nimevunja glasi yao wangenidai siku hiyo hiyo!

Mwenye kumjua fundi anayerudisha rangi ya ngozi, awe Tanga au hata Dar, anielekeze. Awe yule anayeuliza kwanza ni ngozi ya aina gani kabla hajashika ndoo.