Nimedanganya darasa zima kwamba kuchora kwa mkaa ndo staili yangu, naombeni ushauri

Wakuu shikamooni. Nipo mwaka wa pili nasoma sanaa za ufundi, mkopo nilikosa na mzee anaumwa, hela ikija inaishia kwenye chumba na kula, rangi za mafuta sijawahi kununua hata tyubu moja. Mwaka jana wenzangu wakaniuliza mbona kila siku mkaa tu, nikaona aibu nikajibu rangi zinaniharibia hisia, mi mtu wa mkaa. Wakaamini. Madam nae akaamini akanisifia mbele ya darasa, sasa wa mwaka wa kwanza wananifata niwafundishe na mimi nawaelezea kabisa. Ukweli ule mkaa naomba kwa mama ntilie jirani, wa jikoni, una vipande vigumu vinachana karatasi. Wenzangu wakiondoka huwa nabaki nakwangua rangi zilizoganda kwenye paleti zao nizipake pembeni ya daftari nione tu zinavyokaa. Juzi madam katangaza kazi ya mwisho wa muhula lazima iwe ya rangi, zimebaki wiki 3. Nifanyeje?

FundiFremu: Pole dogo. Tyubu achana nazo kwanza. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji, alianza pale Oysterbay, Dar, mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi. Nenda hadiwea chukua makopo madogo ya rangi ya mafuta, nyekundu njano bluu nyeupe nyeusi zinatosha. Kitambaa chukua kile cha pamba kinachoitwa marekani, kaza kwenye fremu, paka rangi ya maji nyeupe mara mbili. Ila inachelewa kukauka na inanuka, usilale nayo chumbani.

Mama K: Mwanangu rangi zitapatikana, kinachokutesa ni huo uongo. Mfate madam ofisini peke yake umwambie kama ulivyotuandikia hapa.

Kijana wa Temeke: Mi naona asiseme, achore tu akabidhi, walimu wengine siri haikai, kesho chuo kizima kinajua baba ake anaumwa.

Mwenye uzi: Asanteni sana, FundiFremu nimeandika yote. Madam nitamfata Jumatatu. Ila kuna dogo wa mwaka wa kwanza ameacha kabisa rangi zake ziko kwenye boksi zinakauka, sababu ya maneno yangu mimi. Huyo naenda kumwambia leo leo.