Ushauri: Nina godauni eneo la viwanda, nataka liwe kituo cha kampuni za TEHAMA, kibali kimekwama

KitasaMkuu
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo, maana usingizi umepaa.

Nina kiwanja eneo la viwanda, jiji sitalitaja. Ndani yake kuna godauni la zamani, yale ya kuta nene na paa la juu sana. Zamani palikuwa na kinu cha kusaga. Wazo langu ni kuligeuza liwe kituo cha TEHAMA: naongeza ghorofa moja humo humo ndani, ofisi za vijana wanaotengeneza programu, chumba cha seva, ukumbi wa mafunzo, kantini. Umeme wa njia tatu upo, mkongo wa intaneti unapita barabara kuu hapo mbele, lori la futi arobaini linageuza bila shida.

Nikapeleka michoro halmashauri. Imerudi na barua fupi: matumizi yanayoombwa hayaendani na masharti ya umiliki. Ofisa ananiambia nibadilishe kwanza matumizi ya ardhi. Jamaa mwingine ananiambia nisihangaike, TEHAMA nayo ni kiwanda, niandike "kiwanda cha programu" nirudishe upya. Aliyewahi kupita njia hii aniambie inakwendaje, na kama kuna njia fupi iliyo halali. Kejeli sitaki.

Nyundo_Nzito
Umeandika "kejeli sitaki" humu? Karibu mgeni.

Shangazi wa Mabibo
Mwanangu, vijana wa kompyuta usiwaamini kwenye kodi. Nilimpangishia mmoja fremu, akaja na viti vya kuzunguka na kiyoyozi, kila mwisho wa mwezi ananiambia "shangazi, mfadhili anatuma wiki ijayo". Mfadhili yuko Uholanzi sijui Denmark. Siku moja nafika, fremu tupu, kaacha ubao mweupe umejaa mishale. Ule ubao nauandikia bei za vitumbua mpaka leo. Weka mashine ya kukoboa mpunga, watu hawaachi kula.

Rula_na_Penseli
Mleta mada, nikujibu kama mtu wa mipango miji.

Ardhi hapa kwetu Tanzania unamilikishwa kwa masharti, na sharti kubwa kwenye hati ni matumizi. Hati ikisema viwanda ukajenga ofisi za kupangisha, umevunja sharti, na chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 hiyo ni sababu mojawapo ya miliki kufutwa. Kibali cha ujenzi hakiwezi kulitibu hilo. Ndiyo maana michoro imerudi, hata ingekuwa mizuri namna gani.

Njia yenyewe: unaomba kubadilisha matumizi kwa mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Barua, hati, risiti za kodi ya pango la ardhi zisiwe na deni, na sababu zako. Linatoka tangazo, majirani wanapewa nafasi ya kupinga, wataalamu wanakuja saiti, kamati inakaa, faili linakwenda Wizara ya Ardhi. Ukikubaliwa unarudisha hati ya zamani unapewa yenye matumizi mapya, na kodi yake mpya. Hapo ndipo unarudi kwenye kibali: msanifu na mhandisi waliosajiliwa, Zimamoto wapitie michoro, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, uwaulize mapema kama mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

"Kiwanda cha programu" usithubutu. Anayepitia michoro hasomi jina, anasoma watu wangapi wataingia asubuhi, watapaki wapi, watatokea wapi moto ukiwaka. Kinu kilikuwa na vibarua wachache na lori. Wewe unapandisha umati ghorofani.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Leo unaweka ofisi jirani na kiwanda cha sabuni. Mwakani wapangaji wako ndio watakaoandika barua kulalamikia harufu na mashine za usiku, na kwa kuwa wao ndio wenye kujua kuandika barua, watasikilizwa. Mwenye kiwanda aliyekuja kihalali anaondolewa na mgeni aliyemkuta pale. Kila anayebadilisha anasema ni kiwanja kimoja tu. Vikishabadilishwa kumi, mwenye karakana anasukumwa huko ambako hakuna umeme wala barabara ya lori.

Sasa nijibu wewe: hati ni ya nani, na iko wapi?

KitasaMkuu
Asante mkuu, umenifumbua. Majirani hawana shida, mmoja gereji, mwingine kafunga. Hati ipo. Nilichotaka ni hiyo njia fupi.

Rula_na_Penseli
Sikuuliza kama ipo. Nimeuliza iko wapi.

Binti Kidawa
Hati ipo kama mume wa mtu alivyopo 😂

Wa_Machakos
Hata huku Kenya ni yale yale: notisi unaibandika kwenye ploti, unatangaza gazetini, kaunti inaamua. Lakini serikali ilipotaka mji wa teknolojia haikubanana na viwanda vya Nairobi. Ilinunua ranchi ya Malili, ekari 5,000, Kibaki akazindua ujenzi wa Konza Januari 2013, na kuzunguka mji wakatenga ukanda wa kilomita 10 ili watu wasijijengee ovyo. Mimi nina shamba karibu na huo ukanda. Marehemu babu alikataa kuliuza akisema litakuwa dhahabu. Bado tunalima mbaazi.

Mti_Mkavu
Kigali wana eneo lao maalumu la kiuchumi na Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, wamejenga tawi humo humo. Sisi ni urasimu tu, mtu anataka kuajiri vijana anaulizwa masharti ya hati.

Rula_na_Penseli
Mti_Mkavu, lile ni eneo lililopangwa na serikali yenyewe. Mleta mada akitaka hivyo aende TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi iliyotokana na kuunganishwa kwa TIC na EPZA 2025, aulize maeneo yaliyokwishatengwa. Au aanze kidogo ndani ya jengo la ofisi. Buni Hub, kituo cha vijana wabunifu wa teknolojia, ilianza ndani ya jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama.

Karani Mstaafu
Nimekaa dawati la mikopo nusu ya umri wangu. Mtu akisema "hati ipo" badala ya "ninayo", hati iko benki.

KitasaMkuu
Sawa. Iko benki. Ni rehani ya kawaida, sioni kwa nini iwe mjadala. Nilichukua mkopo wa kukarabati kinu na kununua mashine mpya za kusaga na kukoboa. Kabla sijaagiza mashine bei ya mahindi ikayumba, nikaona unga umeshajaa sokoni, fedha nikaielekeza huku. Fedha ni ile ile, jengo lile lile, marejesho nitalipa. Kwani benki inakula unga?

Na msinishauri niache. Nguzo za ghorofa ya kati zimeshasimama, na kampuni mbili zimeshanilipa kodi ya mbele.

Binti Kidawa
Rudia hapo. Nguzo zimeshasimama? Michoro si imerudishwa?

KitasaMkuu
Ziko ndani ya godauni. Nje huzioni.

Nyundo_Nzito
Na lori la kokoto liliingia limevaa ushungi? Kaka, andaa macho, utaikuta X nyekundu ya kubomolewa hadi kwenye geti.

Karani Mstaafu
Mdogo wangu, kaa nikueleze, kicheko tukiweke pembeni. Benki haili unga, lakini ilikukopesha kwa hesabu ya unga. Mkataba wako, usome, una kifungu cha madhumuni ya mkopo. Kuielekeza fedha kwingine bila barua yao ni kuvunja mkataba, na wanaweza kuudai mkopo wote kwa pamoja hata kama hujakosa rejesho. Ukishindwa, sheria inawataka wakupe notisi ya siku 60, kisha wanauza.

La pili, umeambiwa hapo juu kwamba hati ya zamani inarudishwa ili utoke na mpya. Utairudishaje wakati iko kwenye sefu ya mtu? Lazima benki iridhie kwa maandishi, itume mthamini wake. Huyo mthamini akifungua mlango wa godauni anakutana na nguzo. Nenda kwa ofisa wako wa mikopo kabla hajakufuata yeye. Nimeona wateja waliokuja wenyewe wakapangiwa upya, na nimeona waliosubiri.

KitasaMkuu
Mzee wangu nakuelewa, ila nikienda wataniuliza mashine ziko wapi.

Mja wa Mungu
Wapendwa, tatizo letu ni tamaa. Mtu ana kinu, wanawake wanakuja na debe la mahindi, ana riziki yake. Akamwona mtu ana laptop akaacha kinu. Kijana, hao waliokulipa kodi ya mbele, hela yao unayo?

KitasaMkuu
Iko kwenye nguzo.

Nyundo_Nzito
Wakuu, mimi nasimama hapa. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Rudini mkasome bandiko la kwanza. "Umeme wa njia tatu upo." "Mkongo unapita hapo mbele." "Lori la futi arobaini linageuza." Mtu aliyepaa usingizi anasifia lori linavyogeuza? Hilo ni tangazo la dalali. Mara "zamani palikuwa na kinu", mara kinu ndicho alichokopea juzi. Hana kiwanja, hana nguzo, anapima upepo wa bei.

Binti Kidawa
Mimi nasema mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, kapewa swali la kubadilisha matumizi ya ardhi, kaja kutufanyisha kazi ya darasani. Rula ameshamwandikia kurasa mbili.

Rula_na_Penseli
Kama ni mwanafunzi, aandike jina langu kwenye shukrani.

KitasaMkuu
Dalali ni wewe. Hii hapa picha nimepiga leo, semeni tena.
[picha]

Fundi Saruji
Nimeikuza hiyo picha. Yale juu si mabati, ni asbesto, na pembeni kwa kushoto imemeguka. Usimruhusu fundi apande kuikata kwa msumeno, vumbi lake ni sumu ya mapafu, kuna utaratibu wake wa kuiondoa. Halafu nguzo ya tatu kutoka mlangoni: nondo za juu umezikata karibu usawa wa zege. Boriti utaiunganisha na nini? Na zege lenyewe limeacha matundu pale chini, kokoto zinaonekana, hawakulishindilia. Mhandisi wako nani?

KitasaMkuu
Nina fundi mzoefu, kajenga ghorofa nyingi.

Fundi Saruji
Zipo bado?

Nyundo_Nzito
Picha ya godauni kila mtu anayo. Ukutani kuna gunia la mbolea na kuku. Huyo kuku naye ni wa TEHAMA?

Mti_Mkavu
Muacheni, hata akiwa dalali maelezo ya Rula na ya Karani yamenisaidia mimi. Nina kiwanja cha makazi nilitaka kuweka sheli.

Rula_na_Penseli
Mti_Mkavu, fungua uzi wako. Tafadhali.

Mwenye Unga
Mimi ushauri sina. Mleta mada, mita ya njia tatu iko hai au imekatwa? Natafuta pa kuweka mashine za kukoboa na kusaga, na kila ninapopata hati inasema makazi. Ya viwanda ndiyo ninayoitaka.

KitasaMkuu
Iko hai. Ila nguzo utazifanyaje?

Mwenye Unga
Hizo mbili za mlangoni zitabomolewa, gunia lipite. Gharama tunakata kwenye kodi. Na barua ya benki ya kukubali mpangaji naitaka mkononi kabla sijatoa senti.

Karani Mstaafu
Huyu msikilize.

KitasaMkuu
Mkuu njoo PM. Unalipa miezi sita au mwaka?

Nyundo_Nzito
Dalali kapata mteja. Mods, fungeni uzi.