Chai ya saa nne Mkomani: je, mkahawa ule wa uani unamfaa mama mwenye maumivu ya magoti?

Binti wa Langoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mama yangu, ambaye aliondoka Lamu akiwa msichana na sasa anaishi Mombasa, anakuja kunitembelea kwa siku nne. Ningependa Jumamosi nimtoe nyumbani tukanywe chai nje kwa utulivu, bila yeye kushika sufuria wala kuulizia nani ataosha vyombo. Nimesikia habari za mkahawa mdogo uliofunguliwa katika nyumba ya kale huko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ambao Jumamosi na Jumapili huandaa staftahi ya kuchelewa, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Naomba waliokwenda wanieleze mambo mawili. Je, kuna ngazi nyingi, maana magoti yake hayamruhusu kupanda? Na chakula chenyewe kikoje? Mama amekula mahamri na mbaazi kwa zaidi ya miaka 60, hatababaishwa na sahani iliyopambwa.

Mzee wa Baraza

Waaleikum salaam, binti yangu, na mama mkaribishe kwao. Mimi hupita pale karibu kila Jumamosi nikitoka sokoni. Penye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kuna kidato kimoja kirefu cha jiwe, ambacho itabidi umshike mkono, na ndani kuna kingine kifupi kabla ya kufika kiwandani, yaani ule ua wa ndani ambao nyumba zetu za mawe hupata mwanga na hewa kutoka kwake. Meza ziko hapo hapo chini. Wageni wengi hukimbilia darini kwa ajili ya upepo na kuitazama bahari, lakini nyinyi hamna haja ya kupanda. Omba meza iliyo karibu na ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, kwani hapo kivuli hukaa hadi karibu na adhuhuri.

Kuhusu chakula, nakiri kwamba mara ya kwanza niliingia na shaka, kwa sababu nimeona pahala pengi panapopendeza macho huku jikoni hakuna mpishi. Nilipasua hamri kwa vidole kabla ya kulionja. Lilikuwa wazi katikati, kuta zake za ndani kavu, na harufu ya iliki ikapanda pamoja na mvuke. Mafuta hayakubaki mkononi. Mbaazi zilikuwa zimelainika bila kuvurugika, na ilionekana wazi kwamba tui zito lilitiwa mwishoni kwa moto mdogo, maana halikukatika. Kahawa huletwa ndani ya dele, lile birika la kahawa, ikiwa na tangawizi ya kutosha, pamoja na kipande cha haluwa. Wana pia mashine ya kahawa ya Kiitaliano kwa wanaoitaka, lakini mimi sijaijaribu.

Mama Wawili, Shela

Shikamoo mzee. Naheshimu uliyoyasema, ila mimi sikuridhika, na ni haki dada yetu asikie upande huu pia. Tulifika saa sita kasorobo tukiwa na watoto, tukangoja takriban dakika 40, na mahamri yaliyoletwa yalikuwa ya baridi, yamepashwa moto tena hadi yakawa magumu pembeni. Mayai na maji ya ukwaju vilikuwa vizuri, na yule kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu, lakini mtu anayelipa bei mara tatu ya mtaani anastahili chakula kilichotoka jikoni wakati huo. Pia kama mtatembea hadi kijiji cha Shela baadaye, angalieni maji kwanza. Ni kama kilomita tatu, na bahari ikijaa njia ya pwani hupotea, kwa hiyo kwa mtu mwenye magoti mabovu bora mchukue mashua.

Mpishi wa Alfajiri

Dada wa Shela, pole sana. Nadhani naijua sababu, kwa kuwa unga huo ni wa mikono yangu. Mimi hukaanga mahamri mtaani tangu alfajiri, na siku hizo mbili za wiki huwapelekea mkahawa ule unga uliokwisha kukandwa kwa tui na kulala na hamira usiku kucha, kisha wao husukuma, hukata na kukaanga wenyewe. Hukaanga mara mbili tu, saa tatu na saa nne na nusu. Baada ya hapo unga hauwezi kungoja, kwa sababu kwa joto letu huchacha, na hamri la unga uliochacha hunywa mafuta na kuacha ukali mdomoni. Nimewashauri waseme kwa uwazi kwamba ikipita saa tano mahamri yamekwisha, badala ya kupasha yaliyobaki, na nitawaambia tena nikieleza malalamiko yako.

Kuhusu bei, watu huniuliza kama sioni uchungu unga wangu ukiuzwa ghali. Sioni. Wateja wangu wa saa kumi na mbili ni wavuvi, mafundi na watoto wa shule, nao hawana nafasi ya kuketi saa mbili nzima. Anayeketi kule analipia kiti, kivuli na mtu wa kumwosheria kikombe, na mimi hulipwa kabla unga haujatoka nyumbani kwangu, jambo ambalo katika biashara hii si la kawaida. Binti wa Langoni, mpeleke mama saa tatu na nusu.

Binti wa Langoni

Nawashukuru nyote. Tulikwenda Jumamosi, tukafika saa tatu na robo, na kidato cha daka tulikipita polepole bila taabu. Mama alilishika hamri, akaligeuza, akalipasua sawasawa na alivyoeleza mzee, kisha akanyamaza hadi alipomaliza la pili. Alisema mbaazi zilihitaji chumvi kidogo, na kwamba kahawa ilikuwa kama ya nyumbani kwa bibi yake. Aliketi muda mrefu akitazama zidaka, akinitajia kimoja kimoja vyombo vilivyopangwa katika vile vya nyumba aliyokulia. Tulilipa shilingi 1,450 kwa watu wawili, pamoja na haluwa.

Dosari niliyoiona ni kwamba viti vya pale ni vya chini mno, na kuinuka kulimtesa kuliko kidato. Nilimweleza mwenye mkahawa, akaenda kuleta kiti cha mkono kutoka chumba cha ndani, akasema kitakaa uani kuanzia sasa. Mama ameshaniuliza kama kesho wanafungua saa ile ile.