Kukata majina na nakshi kwenye kadi za Idi bila herufi kuachana

BintiMkomani, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninatengeneza kadi za Idi na za kupongeza maharusi, na nia yangu ni kila kadi iwe na jina la yule anayepelekewa, limekatwa kwa mashine, si kuandikwa kwa kalamu baada ya kadi kumalizika. Kadi yenyewe hufunguka kama mlango wa kwetu: karatasi ya A4 inalazwa, pande zake mbili zinakunjwa mpaka zikutane katikati, na kwenye ukingo wa upande wa kushoto nabandika kipande chembamba cha nakshi kinachokaa mahali pa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Ninachora kwa programu ya Inkscape, na mashine yangu ya kukatia ni Silhouette Cameo pamoja na programu yake, Silhouette Studio ya bure.

Faili la mchoro la aina ya SVG ninalohifadhi halifunguki katika programu ya mashine. Nikitoboa jina kwenye kadi, matumbo ya herufi kama a, o na d, yaani vipande vya ndani yake, yanadondoka, na majina yetu, kama mnavyojua, yamejaa a. Nikiliandika kwa Kiarabu, kisu kinapita palepale herufi zinapoungana na neno linatoka vipande vipande. Tena ile nakshi, niliyoipata kwa kupiga picha mlango na kuiachia kompyuta iifuatishe, inakatwa kwa mtetemo mwingi hadi karatasi inachanika. Nawaomba wenye ujuzi wanieleze namna wanavyofanya.

FundiKadi, Malindi

Waalaykumu salaam dada. Nianze na faili, kwa kuwa hilo ni jepesi. Silhouette Studio ya bure haifungui SVG, lakini hufungua DXF, aina nyingine ya faili la mchoro; kwa hiyo unapohifadhi katika Inkscape chagua DXF ya aina ya R14, ama ulipie toleo la Designer Edition, ambalo husoma SVG. Kwa njia yoyote utakayoishika, chora pembeni mraba wa milimita 100 na uupime ndani ya programu ya mashine kabla ya kukata chochote. Tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi, na kabla ya hapo ilihesabu 90, ilhali ziko programu zinazohesabu 72. Tofauti hiyo ndiyo inayoweza kufanya kadi itoke isiingie katika bahasha yake.

Ama maandishi ya Kiarabu, macho yanaona neno moja, lakini kwa mashine kila herufi ni umbo lake peke yake lililolalia kidogo umbo la jirani, na kisu hufuata mzingo wa kila umbo. Yageuze maandishi kuwa njia, yaani mistari ya mchoro, kwa Ctrl+Shift+C, livunje kundi kwa Ctrl+Shift+G, kisha uyaunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, na mistari iliyopita katikati ya neno itatoweka. Weka kwanza nakala ya maandishi ambayo hayajageuzwa, kwa sababu yakishageuzwa huwezi tena kusahihisha herufi iliyokosewa.

Nakshi usiiachie kompyuta. Ufuatishaji wa picha huzaa nukta nyingi mno kwenye mistari, na kisu hugeuka kila kinapofikia nukta, hapo ndipo karatasi inapochanika. Ctrl+L hupunguza nukta, lakini hupunguza pia uzuri wa majani na maua. Kwa vile nakshi nyingi za milango hulingana kulia na kushoto, chora nusu kwa mkono juu ya picha, inakili, igeuze kwa kubonyeza H, uziunganishe nusu mbili. Usiache mahali pembamba kuliko milimita 1, na kwa karatasi ya gramu 200 hadi 250 mimi huona milimita 1.5 ni salama zaidi. Punguza mwendo wa kisu, na umbo likiwa na kona nyingi ukate mara mbili kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu kubwa.

MwalimuLangoni, Lamu

Binti yangu, nakuomba usiyatoboe majina, na sababu yangu si matumbo ya herufi pekee. Jina likitobolewa, kinachodondoka ni herufi zenyewe, nazo huishia sakafuni zikafagiwa. Kati ya watu unaowaandikia wamo akina Abdalla na Abdulrahman, na jina la Mwenyezi Mungu limo ndani ya majina hayo, hasa likiandikwa kwa Kiarabu. Likate jina liwe ndilo umbo linalobaki, ulibandike juu ya kadi. Hapo taka itakuwa karatasi tupu iliyozunguka herufi, na matumbo ya a na o yakidondoka hayaharibu kitu. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona Bismillahi kwenye kadi ambayo huenda ikatupwa baada ya sikukuu.

Ili nukta za ba, ta na nuni zisipotee, chini ya jina weka utepe wa milimita 3 au 4, uzishushe au uzipandishe nukta mpaka ziguse herufi au utepe, kisha uunganishe vyote kuwa umbo moja. Usizisogeze mpaka jina likasomeka vingine. Mpe mtu mwingine alisome kabla ya kukata.

Na mahali pake? Iko milango ya zamani hapa pwani yenye maandishi juu, kwenye kizingiti. Zipunguze zile pande mbili zinazokunjwa kwa milimita 35 upande wa juu, ili ubao wa nyuma uchomoze juu yake, na jina ulibandike hapo. Litaonekana kadi ikiwa imefungwa, wala halitazuia kufunguka kama ambavyo utepe uliovuka pande zote mbili ungefanya.

KaratasiNaGundi, Malindi

Naongeza kuhusu karatasi tu. Unyevu wa pwani huingia kwenye karatasi, nayo hutanuka zaidi kwa kukingama na nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Kadi ukiichapa leo rangi na alama za kuongozea mashine, ukaja kuikata wakati mwingine, alama zitakuwa zimesogea na kisu kitakata pembeni ya mchoro. Chapa na ukate kwa mfululizo mmoja, na karatasi zako zikae katika ndoo yenye kifuniko cha kubana. Mikunjo nayo ifuate nyuzi, la sivyo karatasi nene itapasuka mgongoni.

Wakati wa kubandua, pindua mkeka wa kunata, ule unaoshika karatasi inapokatwa, ili karatasi iwe chini, kisha uuvute mkeka kutoka kwenye karatasi huku karatasi imelala mezani. Ukivuta karatasi, nakshi itajikunja.

BintiMkomani, Lamu

Shukrani mwalimu, nanyi nyote Mungu awalipe. Hilo la jina kubaki na taka kuwa tupu nimelikubali kwa moyo mmoja. Limebaki moja: je, majina yakiwa mengi, ipo njia ya kuyaingiza kwa pamoja bila kuchora moja moja?

FundiKadi, Malindi

Ipo. Inkscape ina kiendelezi kiitwacho NextGenerator, ambacho husoma orodha ya majina kutoka faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kutoa faili moja kwa kila jina. Lakini maandishi yatakayotoka bado yatahitaji kugeuzwa kuwa njia, kwa hiyo kinafaa zaidi kwa jina la kuchapwa ndani ya kadi kuliko la kukatwa. Kwa ya kukatwa, yaandike majina yote kwenye ukurasa mmoja wa A4, kila moja na utepe wake, bila kugusana. Chagua yote, yageuze, uvunje makundi yote, na uyaunganishe kwa mara moja. Majina yasiyogusana hayatashikana, na mashine itayakata yote kwenye karatasi moja. Bahasha ya kadi yako ikishakunjwa ni C5, ya milimita 162 kwa 229.