Walimu wa masomo ya sanaa tudai vipi nyongeza ya mshahara kwa pamoja?

Mwalimu wa Historia, Mbale:
Ndugu zangu, katika bajeti ya Uganda ya 2022/2023 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali sisi wa masomo ya sanaa, wenye shahada kama yake na wanafunzi wale wale, tuliachwa. Tuligoma kupitia chama chetu cha walimu, UNATU, katikati ya Juni 2022, tukarudi madarasani mikono mitupu. Tawi letu lifanye nini ili madai haya yapate nguvu, badala ya kungoja mgomo mwingine?

Katibu wa tawi, Gulu:
Mwalimu, madai yenu ni ya haki kabisa, lakini naamini mgomo ule ulichelewa. Sheria inalitaka Bunge liwe limepitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei, hivyo anayegoma Juni anadai fedha ambazo zimekwisha kugawanywa. Makadirio ya awali hufika Bungeni kabla ya Desemba kwisha, na ndiyo maana sisi huanza kazi Agosti: kila shule huchagua mjumbe, naye hukusanya hati za mishahara, majina yakiwa yamefunikwa, tukazilinganisha na bei ya unga wa mahindi, karo na kodi ya nyumba, kisha tukaandika waraka wa ukurasa mmoja tu. Tunampelekea mbunge wetu pamoja na wabunge 5 wanaowakilisha wafanyakazi, ukiwa na sahihi za walimu wa wilaya nzima, wakiwemo wa sayansi. Msiwaache hao nje, kwani serikali ikishawaona walimu wamegawanyika, haina haraka tena ya kuwasikiliza.

Mchumaji chai, Fort Portal:
Hilo la mgawanyiko nalikazia. Kima cha chini cha mshahara nchini bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo kinga yetu ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Mwajiri wetu alipotaka kuwaongeza wa kiwandani peke yao, wenzetu hao walikataa kutia sahihi mpaka malipo ya kila kilo ya majani nayo yaingizwe mezani, na yakaingizwa.

Mwalimu wa Historia, Mbale:
Nawashukuru sana. Wenzangu wengine wanahofia kuhamishwa iwapo majina yao yataonekana kwenye waraka.

Katibu wa tawi, Gulu:
Ibara ya 40 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na hata kugoma kwa kufuata sheria. Wasomeeni ibara hiyo kikaoni. Hata hivyo sahihi za kwanza ziwe za viongozi wa tawi, na mwalimu akihamishwa baada ya hapo, chama kiandike barua siku hiyo hiyo, asiachiwe kujitetea peke yake.