Baiskeli mbili za umeme na Vitz moja: ndani, mlangoni nyuma au juu ya paa?

Mpanda_Tudor
Sabalkheri wenzangu. Mie na mke wangu tuna baiskeli mbili za mlimani za umeme, mota katikati, tairi inchi 29. Tumezunguka nazo Nyali, Shanzu, hata ufuoni Bamburi maji yakikupwa, na sasa roho yataka vilima: Kwale kwanza, kisha Wundanyi. Kizuizi ni gari. Gari letu ni Toyota Vitz, kigari kidogo, na Vitz ni Vitz.

Jana nimepima kwa tepu. Baiskeli ncha hadi ncha ni sentimita 195. Gari, viti vya nyuma vikilazwa, toka mlango wa buti hadi mgongo wa kiti cha mbele ni 130 na ushei. Uzani ni kilo 24 kila moja. Nilizipeleka kwa jamaa wa vyuma chakavu, akazitundika kwenye mizani yake kisha akaniuliza kama naziuza kwa kilo.

Naona njia nne: kuzitia ndani, keria ya kamba kwenye mlango wa nyuma, keria ya paa, au kuuza Vitz. Mke wangu ashasema hasafiri na baiskeli inayoning'inia nje kama mbuzi wa Idi. Aliyejaribu anijuze.

Kisauni_Kwa_Kisauni
Keria ya kamba niachie mimi, maana nimeilipia mara mbili: kuinunua, na kunyoosha bati. Nilipakia baiskeli moja tu ya umeme, kilo 23. Kibandiko cha keria kimesema mwisho ni kilo 15 kwa baiskeli, nami nikasema ah, hawa huandika tu. Kufika Kilifi, kwa matuta yale yote, vile vyuma vya kamba vilikuwa vimeuma ukingo wa mlango na bati limebonyea pande mbili. Rangi ilichubuka, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haikuchukua hata miezi miwili.

Halafu kuna hili: tairi lilikuwa limeziba nambari ya gari na taa moja ya nyuma. Kwenye kizuizi cha polisi nikawekwa kando, na askari alikuwa na haki kabisa.

Baiskeli ya kawaida ya kilo 12, itumie. Hizi za mota, mwachie mwenye gari kubwa.

Likoni_Juu
Mimi ni wa paa, na sijaacha, lakini sikushauri. Kwanza mgongo. Kilo 24 si nyingi ukiziinua hadi kiunoni. Ziinue juu ya kichwa mwenyewe, gari limeegeshwa kwenye mchanga, ndipo utajua. Toa betri kabla ya kuinua, hapo umepunguza kilo tatu na nusu hivi. Pili, kitabu cha gari kitakwambia paa labeba kilo ngapi, na humo uhesabu keria yenyewe pia, si baiskeli tu. Kwa gari dogo, baiskeli mbili na keria yake mara nyingi ndio mwisho wa hesabu.

Tatu ni urefu. Vitz mita moja na nusu, baiskeli mita moja na kitu. Mie nilisahau siku moja nikaingia maegesho ya chini ya jengo, nikasikia *kwaa!* Baiskeli ilipona. Keria haikupona.

Na barabara ya Voi, malori yanapokupita kwa kasi, utahisi gari lote linavutwa.

Mwana_Changamwe
Uza Vitz, nunua Probox. Mjadala umekwisha.

Mpanda_Tudor
@Mwana_Changamwe kaka, nikiuza Vitz ya mke wangu, kitakachopakiwa kwenye hiyo Probox ni nguo zangu.

Fundi_Kibokoni
Mwanangu, ndani. Na hiyo 195 isikutishe, maana ni urefu wa baiskeli nzima na wewe hutaipakia nzima.

Toa gurudumu la mbele, umekata sentimita 37: ile nusu ya gurudumu inayotangulia ekseli. Unabaki na 158. Hiyo yatosha baiskeli moja ukiilaza mshazari na kusogeza kiti cha abiria mbele kidogo. Ukitoa na la nyuma, umebaki na ekseli hadi ekseli, kama 121, na sasa yaingia kwenye 130 zako bila mtu kukunja magoti. Kwa hiyo moja: toa la mbele tu. Mbili: toa yote manne.

Namna ninavyofanya mie. Zima mota, toa betri, tundu lake lifunike kwa mfuko wa nailoni vumbi lisiingie kwenye vile vyuma vya kugusana. Kabla ya kutoa gurudumu la nyuma, peleka cheni kwenye kile kisahani cha meno kidogo kabisa cha nyuma, ilegee. Shusha kiti hadi chini. Usukani una upana wa karibu sentimita 80, nao ndio unaosumbua kuliko tairi: legeza zile skrubu mbili za ubavuni mwa shingo, ugeuze usukani ulale sambamba na fremu. Ile skrubu ya juu, ya kwenye kifuniko, usiiguse. Hiyo ni ya kukaza beringi, na ukishaivuruga utakuja kwangu. Pedali zikikera, zitoe, ila kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume. Nimeona watu wazima wakiikaza kwa nguvu zao zote wakidhani waifungua.

Ilaze kwa ubavu wa kushoto. Cheni, giya na ule mkono wa giya wa nyuma vitazame juu. Mkono ule ukilaliwa na kilo 20 hupinda kidogo tu, jicho halioni, lakini giya zitaruka hadi urudi.

Mpanda_Tudor
Shukran sana maalim. Maswali mawili. Gurudumu kulitoa, naipindua baiskeli miguu juu kama tulivyofanya utotoni? Na breki zangu ni za mafuta, hakuna neno?

Fundi_Kibokoni
Usipindue. Utotoni baiskeli haikuwa na skrini kwenye usukani. Uzito wote utaegemea skrini na vitufe. Tena breki za mafuta zina kitangi kidogo pale mkononi, na ukipindua, kihewa kilichomo chaweza kuingia kwenye mpira wa mafuta, kisha wabana breki na mkono waenda hadi usukani. Mke asimamishe, wewe utoe.

La muhimu kuliko yote: gurudumu likishatoka, tia kitu kati ya pedi za breki. Kipande cha plastiki walichokupa dukani kama unacho, au kadi ngumu iliyokunjwa mara mbili. Mtu akibana breki bila diski katikati, pistoni zatoka na pedi zakutana, na njiani hutakuwa na cha kuzirudisha isipokuwa bisibisi na dua.

Mkishaisimamisha tena mlimani, bana breki mara kumi na tano hivi kabla ya kupanda. Na kwenye gurudumu la nyuma, au kwenye diski yake, kuna sumaku ya kupimia mwendo. Isipokaa mkabala na kihisi chake, mota itakataa kufanya kazi na wewe utadhani umeiua.

Binti_Mtwapa
Fundi namheshimu, ila kulaza mie sipendi. Nina Honda Fit. Watu hawajui gari hili tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vyazama hadi chini kabisa. Baiskeli yangu ya umeme nimetoa gurudumu la mbele tu nayo yasimama ndani, haigusi kitu.

Ujanja wake: nilimpelekea seremala kipande cha mvule, nikamwambia akate upana wa milimita 110 kamili, atoboe tundu la milimita 15 upande hadi upande, akipigilie kwenye ubao mpana. Uma wa mbele, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, waingia juu ya kipande, ekseli yenyewe yapita tunduni na kujifunga kwenye uma kama kawaida. Hakuna kifaa cha kuagiza. Lakini pima yako kwanza, si uma zote zina kipimo hicho.

Kusimamisha kuna faida kwamba mafuta ya cheni hayagusi kitu.

Fundi_Kibokoni
Binti, kwa Fit na baiskeli moja sikupingi, hiyo ndiyo bora. Ila yeye ana Vitz na baiskeli mbili. Zikisimama mbili usukani wa hii utamchoma mwenzake, na mlango wa buti haufungi. Kwa Vitz atalaza tu.

Ya chini kichwa kaskazini, ya juu kichwa kusini, ili zisibanane mahali pamoja. Katikati tandika godoro la mtoto au mkeka uliokunjwa. Leso moja haitoshi. Magurudumu manne yasimamishe nyuma ya viti vya mbele, diski zisiegemewe na kitu. Diski ikipinda itaimba *kisi kisi* mlima mzima.

Mwana_Changamwe
Na mzifunge! Nilicheka juu, sasa sicheki. Binamu yangu alifunga breki ghafla karibu na Mariakani, lori limekata mbele yake, na baiskeli yake ya kawaida ikaja ikampiga kisogo. Hiyo ilikuwa nyepesi. Kamba za kukazia zile za malori, ndogo, mbili, zipite kwenye fremu na kwenye ndoano za mikanda ya viti vya nyuma.

Umeme_Makupa
Naona betri imetajwa kwa nusu sentensi tu, nami naona hapo ndipo penye hatari. Baiskeli ikibonyea ni hasara. Betri ya lithiamu ikipata moto ni jambo jingine.

Betri isibaki ndani ya baiskeli iliyolazwa chini ya baiskeli nyingine. Itoe, ifunge kwa taulo, iweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, mahali isipoweza kuanguka wala kupigwa na jua la dirishani. Mnajua gari lililofungwa juani Mombasa lilivyo saa saba mchana: usukani haushikiki. Betri hazitaki joto hilo. Mkisimama kula, ingieni nazo hotelini. Ya wati-saa 625 ni kama kilo tatu na nusu, si mzigo. Na nyumbani, kama hampandi wiki kadhaa, iacheni baina ya asilimia 30 na 60, si kujaza hadi 100 na kuisahau.

Betri iliyowahi kuanguka vibaya au kuvimba haipandi gari langu, hata ya ndugu.

Na kwa atakayeuliza kuhusu kuruka nazo hadi Nairobi: ndege za abiria haziruhusu betri kubwa kuliko wati-saa 160, na hata hapo baina ya 100 na 160 waomba ruhusa. Hizi ni 500, 625, 750. Hazipandi.

Mwisho, tafadhali, ufuoni Bamburi acha. Maji ya chumvi na mota haviwekani.

Taita_Juu
Mimi ni wa Wundanyi, karibuni. Toka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160, halafu mnapinda kuelekea Mwatate, na toka Mwatate ndipo kona zinapoanza. Kona zile ndizo zitakazoonyesha kama mlifunga vizuri. Simameni Mwatate mkaze kamba tena.

Msiende siku moja na kurudi. Mkishashusha, kufunga magurudumu, kupanda na kubomoa tena, jua limeshatua. Laleni, mzichaji betri usiku. Huku baridi, betri zenyewe zitafurahi.

Mpanda_Tudor
Nimerudi na habari. Wundanyi bado, tulianza na Kwale, tukapitia barabara ya Dongo Kundu kukwepa foleni ya feri ya Likoni.

Zimeingia. Zote mbili, mlango wa buti umefungika, na mke wangu kaketi mbele kama malkia. Mara ya kwanza kupakia ilituchukua dakika hamsini, watoto wa mtaa wote wamejipanga kutazama, mmoja akasema zimeharibika ndiyo maana tunazificha. Kurudi, dakika ishirini na tano. Kilichotukwamisha hasa hakikuwa magurudumu, ni usukani, kama fundi alivyosema. Pedali nilizitoa zote. Ya kushoto nilikuwa naikaza, sitaki maoni.

Kadi za breki nilisahau moja, ya nyuma kwa baiskeli ya mke wangu. Kwa bahati hakuna aliyeibana. Mota yangu iligoma mwanzo, ikawa ni ile sumaku. Mlima wa kuingia Kwale mjini tuliupanda tukizungumza, wa bodaboda wakitupigia honi.

Godoro la mtoto lilitosha chini na katikati. Juu sikuweka kitu, na cheni ya baiskeli ya juu imechora mstari mweusi kwenye kitambaa cha dari, urefu wa kama shubiri mbili. Nimejaribu sabuni ya kuoshea vyombo, umetanuka. Kama kuna ajuaye kinachotoa mafuta ya cheni kwenye kitambaa, aniambie leo kabla ya magharibi. Gari analichukua mke wangu kesho asubuhi.